Dawa ya Maumivu na Tumbo Lililofungwa

Kuna neno moja ambalo wagonjwa wengi hawalisemi mbele ya mganga. Watasema habari ya kichwa, ya kifua, ya magoti. Watahesabu hata saa walizokesha usiku. Lakini habari ya choo hawaisemi. Baba mzee aona haya mbele ya mwuguzi aliye na umri wa mjukuu wake. Mama aona haya mbele ya mkwe wake aliyekuja kumlinda kitandani. Basi mtu akaa siku nne, siku sita, hata siku nane bila kwenda choo, tumbo limekaza kama ngoma, na akiulizwa asubuhi, "Mama, tumbo linaendeleaje?" ajibu, "Nzuri tu, mganga."

Haya hiyo haifai. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, Waisraeli waliagizwa wazi namna ya kutoka nje ya kambi, kuchimba shimo na kufukia. Jambo hili liliambiwa jeshi zima bila kufichwa. Sisi nasi tuliseme, maana kulinyamazia kumewafanya wagonjwa wengine waache dawa iliyokuwa ikiwasaidia, wakarudi katika maumivu makali bila sababu.

Leo twasema habari ya watu wanaotumia dawa kali za maumivu: mwenye kansa, aliyeungua moto, aliyevunjika mfupa wa paja, aliyepasuliwa majuzi. Parasetamoli peke yake kwa kawaida haifungi choo. Zinazofunga ni kodeini, tramadoli, na hasa mofini. Mofini yatoka katika utomvu wa mmea, nao ndio utomvu unaoitwa afyuni. Mjerumani mmoja, mtengeneza dawa, jina lake Friedrich Sertürner, aliitenga na utomvu huo mwanzoni mwa karne ya 19. Tramadoli yatengenezwa katika kiwanda, lakini yaingia mwilini kwa mlango uleule. Kwa hiyo taabu yao kwa tumbo ni ya namna moja, ingawa ya mofini kwa kawaida ni kubwa zaidi.

Je, dawa ya maumivu ya mguu yafungaje tumbo? Sikilizeni. Matumbo yetu si mfereji uliolala tu. Yana nyama zinazojikaza na kulegea, zikisukuma chakula mbele kidogo kidogo, kama mtu anayekamua utumbo wa mbuzi kwa vidole ili kuusafisha. Mabaki ya chakula yaingia katika utumbo mpana yakiwa kama uji mwepesi. Humo maji yafyonzwa kurudi mwilini, na kinachobaki chashikamana, nacho ndicho choo. Kikipita kwa wakati wake, ni laini. Kikikawia njiani, maji yazidi kufyonzwa, nacho chakauka na kuwa kama mawe madogo au kokwa.

Sasa mofini yashika mahali pake katika ubongo na uti wa mgongo, na hapo yapunguza maumivu. Lakini mahali pa namna hiyohiyo pamo pia katika mishipa ya fahamu ya matumbo. Mofini haichagui, yashika huku na huku. Kule kusukuma kwapungua, maji yanayomwagwa ndani ya utumbo ili kulainisha yapungua, na mlango wa mwisho wakaza kuliko desturi. Zaidi ya hayo, mgonjwa mwenyewe amelala kutwa, anakula kidogo, anakunywa kidogo. Ni ajabu gani basi tumbo likifunga?

Na hapa pana neno ambalo walinzi wengi wa wagonjwa hawalijui. Mtu akianza mofini, siku za kwanza aweza kusinzia sana, au kuona kichefuchefu. Baada ya siku chache mwili wazoea, na mambo hayo yapungua. Lakini kufunga choo mwili hauzoei. Mwenye kutumia mofini mwezi wa sita, tumbo lake lafungwa sawasawa na la mwezi wa kwanza. Kwa hiyo usiseme, "Tungoje, litapita." Halitapita. Maadamu dawa ya maumivu ingali ikinywewa, dawa ya choo nayo yapasa kunywewa, kila siku, tangu siku ya kwanza. Mtu hangoji mvua inyeshe ndani ya nyumba ndipo aanze kukata majani ya kuezeka.

Fikirini mama mmoja mwenye kansa ya mlango wa kizazi. Wako wengi kama yeye katika hospitali zetu. Maumivu ya kiuno na ya mguu yalimzuia kulala, hata akaomba kufa. Alipopewa mofini ya maji, kila baada ya saa nne kwa kipimo, alilala usiku mzima, akaketi, akasuka nywele za binti yake. Lakini hakuna aliyempa dawa ya choo, wala hakuna aliyemwuliza. Siku ya saba tumbo lilivimba, akaanza kutapika. Yeye mwenyewe akawaza, "Dawa hii yaniua." Akaificha chupa chini ya godoro, akamwambia binti yake kwamba ameinywa. Maumivu yakarudi yote. Jamaa wakasema ugonjwa umezidi, wakaanza kutafuta gari la kumrudisha kijijini ili akafe kwao. Haukuwa ugonjwa uliozidi. Ilikuwa tumbo lililofungwa, na vidonge vya bei ndogo vingaliweza kulizuia.

Mambo kama haya hayakuonekana Congo tu. Katika nchi ya jirani, Uganda, mwaka 1993 daktari Mwingereza, bibi Anne Merriman, alianzisha Hospice Africa Uganda, kazi ya kuwatunza wenye kansa na wengine walio na ugonjwa usiopona. Huko mofini yatengenezwa kwa unga na maji, ili iwe rahisi kwa bei na kila mtu aweze kuinywa nyumbani kwake. Tangu mwaka 2004 sheria ya Uganda yawaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuandika mofini. Na wanafundishwa mambo mawili pamoja: unapoandika mofini, andika na dawa ya choo. Ninapenda sana desturi hiyo. Karatasi yenye mofini bila dawa ya choo ni karatasi isiyokwisha kuandikwa, nawe mgonjwa una ruhusa ya kuuliza kwa heshima, "Mganga, na ya tumbo iko wapi?"

Dawa za choo ni za namna mbalimbali, wala hazifanyi kazi moja. Kwa mtu wa mofini, inayofaa kwanza ni ile inayoamsha matumbo yasukume tena. Moja ni sene, inayotoka katika mmea. Watu wa pwani huiita sanamaki. Nyingine ni bisakodili, kidonge kidogo cha miligramu 5. Mtu mzima hupewa kimoja au viwili jioni, naye huenda choo asubuhi, kwa kuwa dawa hizi huchukua saa 6 mpaka 12. Kidonge cha bisakodili kimezwe kizima, kisitafunwe wala kunywewa pamoja na maziwa, maana kina ganda la kukilinda mpaka kifike chini. Ganda likiharibika mapema, tumbo la juu litauma. Sene yaweza kubadili rangi ya mkojo, ukawa wa manjano nzito au kama wekundu. Hiyo si damu, msiogope. Mganga akiongeza mofini, mara nyingi itampasa kuongeza na dawa ya choo.

Namna ya pili ni zile zinazovuta maji ndani ya utumbo na kulainisha, kama laktulosi, ambayo ni maji matamu. Hii huchukua siku moja au mbili kabla ya kazi yake kuonekana, basi usiitupe kesho yake ukisema haina nguvu. Mara nyingine mganga ataziandika namna zote mbili kwa pamoja. Ya tatu ni dawa ya kutiwa kwa njia ya nyuma, inayosaidia upesi, wakati choo kimefika chini lakini kimekwama.

Mama mwenye mimba na mtoto mdogo wasipewe dawa yoyote kati ya hizi bila kuonwa na mganga.

Na chakula je? Wengi watasema, "Ale sombe, ale lengalenga, ale papai, tumbo litafunguka." Kwa mtu mzima wa afya anayefunga choo kwa sababu ya kula bugali bila mboga, au kwa yule ambaye tumbo lake tangu zamani hufunga na kuuma bila ugonjwa kuonekana, shauri hilo ni jema. Maharagi, mboga za majani, papai, maembe, machungwa na avoka yana nyuzi ndani yake. Nyuzi hushika maji, na choo huwa kingi na laini. Lakini kwa mtu wa mofini chakula peke yake hakitoshi. Matumbo yake hayasukumi. Ukimjaza pumba na nyuzi nyingi naye hanywi maji, umeongeza mzigo katika gari lisilo na mashini. Mpe papai kwa sababu ni tamu naye alipenda. Mpe mchuzi, mpe uji mwepesi. Lakini usimwondolee vidonge ukidhani papai limechukua nafasi yake.

Maji ni ya lazima. Weka kikombe karibu na mkono wake, si mezani ng'ambo ya chumba. Anywe kidogo kidogo kutwa. (Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo amwulize mganga kwanza kiasi chake.) Mahali ambapo vidonge havipatikani kabisa, wanaotunza wagonjwa nyumbani katika Afrika ya Mashariki wametumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa, kidogo tu, pamoja na maji. Zisitumiwe kwa mama mwenye mimba. Nami naona ni heri kwenda mbali kutafuta vidonge, maana kipimo chake chajulikana, na cha mbegu si hakika.

Sasa twende chooni kwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo taabu nyingi zinapoanza, na vitabu havipasemi. Choo cha kwetu ki nyuma ya nyumba, mara nyingi chini ya mtelemko. Mvua ikinyesha, njia ni utelezi. Usiku ni giza. Mgonjwa aliyekonda hawezi kuchutama juu ya shimo bila kushikwa, naye hataki kushikwa. Basi afanyaje? Haja ikija, aizuia. Aizuia leo, aizuia kesho, mpaka haja yenyewe yaacha kuja. Wengine wafanya vibaya zaidi: wakataa kula na kunywa ili wasiwasumbue watu wa nyumbani. Nimesikia walinzi wakimsifu mgonjwa wa namna hiyo, kwamba ni mpole, hasumbui. Ole wetu na upole huo!

Dawa ya jambo hili si ya duka la dawa. Ni fundi wa mbao. Chukua kiti cha kawaida, kikatwe tundu katikati, kingo zisuguliwe zisiumize, ndoo yenye majivu kidogo iwekwe chini yake. Kiwekwe pembeni mwa chumba, na kitambaa kitundikwe mbele. Miguu iwekwe juu ya tofali moja au mawili, ili magoti yainuke. Hivyo mtu akaa karibu sawa na kuchutama, na njia hunyoka, choo chatoka kwa urahisi. Mgonjwa aketishwe hapo baada ya chai ya asubuhi, hata kama hasikii haja, maana chakula cha asubuhi kikiingia tumboni, utumbo wa chini nao huamka. Kisha mtoke, mmwache peke yake muda wa kutosha. Asijikamue kwa nguvu. Na ndoo iondolewe mara, bila mtu kukunja uso. Mgonjwa huyaangalia sana macho ya anayeibeba ile ndoo.

Lipo jambo lingine la nyumbani, nalo ni la kuogofya. Tumbo likifunga, jamaa wengine hutafuta mpira wa kutilia maji, nao hutia humo pilipili, au tangawizi, au maji ya majani makali, na kumpiga mgonjwa nayo kwa njia ya nyuma, wakisema wanatoa uchafu ulioharibu damu. Hata watoto wachanga hufanyiwa hivyo. Acheni desturi hiyo kabisa. Ngozi ya ndani ya utumbo ni laini kama ya ndani ya shavu. Pilipili yaiunguza, majani makali hunywewa na damu kupitia hapo, nayo yaweza kuharibu figo, na mpira ukisukumwa kwa nguvu huweza kutoboa utumbo. Utumbo ukitobolewa, choo chamwagika ndani ya tumbo, na mtu aweza kufa asipopasuliwa upesi. Tena kwa mwenye kansa ya kizazi au ya njia ya nyuma, hapo mahali pamekwisha kudhoofika. Ikiwa ni lazima kutia maji, itafanywa hospitalini, kwa maji yaliyopimwa na mkono uliofundishwa.

Angalieni na hili, maana huwadanganya hata wenye kusoma. Mgonjwa hakwenda choo siku nyingi. Ghafula maji machafu yaanza kumtoka, kidogo kidogo, bila yeye kuweza kuyazuia, nguo zachafuka. Watu wasema, "Sasa ana kuhara." Wamtafutia dawa ya kufunga kuhara. La! Mara nyingi choo kigumu kimeziba njia kama gogo mtoni, na maji ya juu yanapenya pembeni mwake. Ukimpa dawa ya kufunga, umeongeza gogo. Mlete hospitali, mganga achunguze kwa kidole chenye mpira wa mkono. Ni uchunguzi wa muda mfupi, nao waondoa shaka.

Ziko dalili ambazo hazingoji kesho. Tumbo limevimba na kuuma sana, mgonjwa anatapika, naye hapitishi hata hewa: huenda njia imefungwa kabisa ndani, na dawa za kuamsha matumbo zaweza kumdhuru. Msimpe tena, mleteni usiku huohuo. Damu katika choo, homa pamoja na tumbo gumu, mkojo uliokataa kutoka, mzee aliyeanza kuchanganyikiwa ghafula: hao nao waletwe. Tena mtu asiyetumia dawa kali yoyote, ambaye choo chake kimebadilika tu katika umri wa utu uzima, naye anakonda, aje achunguzwe. Huyo si wa kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani.

Neno kwa vijana, na kwa madereva na wachukuzi wa mizigo. Tramadoli inauzwa sokoni kama karanga, na watu huinywa ili wasichoke. Wengi wao hulalamika habari ya tumbo kufunga, wakanunua dawa ya pili kuifungua ile ya kwanza. Hawa si wa kuongezewa dawa ya choo. Tramadoli ikizidi huleta kifafa, huzuia pumzi, na mwili huifungamania. Aliyekwisha kuizoea asiiache yote kwa siku moja. Aje, mganga amsaidie kuipunguza.

Lakini hofu ya watu wa soko isimwingie mwenye kansa. Kuna wapendwa wetu kanisani wanaodhani kwamba mofini ni ya walevi, au kwamba ukiandikiwa mofini umekwisha kuhukumiwa kufa, au kwamba kuvumilia maumivu bila dawa kunampendeza Mungu. Paulo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, hakumwambia avumilie. Mofini inayonywewa kwa kipimo kwa ajili ya maumivu haimfanyi mtu mlevi, wala haiharakishi kifo chake. Ukiwa na taabu nayo, usiifiche chini ya godoro. Seme taabu.

Na mnapotoka hospitali mkiwa na chupa ya mofini, ulizeni mambo haya kabla ya kupanda gari: dawa ya choo ni ipi, vidonge vingapi, saa ngapi, na zikiisha tutazipata wapi. Mtundike karatasi ukutani. Kila siku mgonjwa akienda choo, mlinzi aandike alama, na kama kilikuwa laini au kigumu. Si lazima aende kila siku. Watu wengine wenye afya huenda mara tatu kwa siku, wengine mara tatu kwa juma, na mtu anayekula kidogo hutoa kidogo. Lakini siku tatu zikipita bila alama, msingoje ya nne. Njoni na ile karatasi mkononi, au mtume mtoto nayo, hata siku ya Jumapili.